Jina Lako Lina Maana Gani?

Siku ya gulio pale Same hebu ita kwa sauti, "Elieza!" Watageuka watu zaidi ya mmoja. Panda mlimani, Suji, Mamba au Gonja, utawakuta akina Elisante, Elifuraha, Elinami na Elineema. Kwa nini majina ya Eli ni mengi hivi huku kwetu?

Eli ni neno la Kiebrania, lugha ya Wayahudi wa kale. Maana yake ni "Mungu wangu". Elieza, au Eliezeri, ni "Mungu wangu ni msaada". Musa alimpa mwanawe jina hilo kwa kuwa Mungu alimwokoa na upanga wa Farao. Habari hiyo imo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Mara nyingine neno El, yaani "Mungu", hukaa mwishoni, kama katika Danieli. Hata jirani yetu Mwislamu aitwaye Ismaili analo: jina lake ni "Mungu anasikia".

Majina ya Biblia yaliletwa Upare na wamisionari. Walutheri walikuja kutoka Ujerumani. Wasabato, nao Wajerumani, walifika Giti, huko Mamba, mwaka 1903. Aliyebatizwa alipewa jina jipya. Na kwa kuwa kwetu mjukuu hurithi jina la babu, Elieza mmoja alizaa akina Elieza wengi.

Sasa fungua Biblia umtafute Elifuraha. Humwoni! Elisante naye hayumo. Majina haya yalitungwa huku huku, Upare, Uchagani na Umeru. Wazee wetu walichukua Eli ya Kiebrania wakaiunga na neno la Kiswahili. Elisante ni "Mungu, asante". Elinami ni "Mungu yu nami", karibu sawa na Emanueli wa Biblia. Sisi twaona hiyo ni kazi ya akili sana, maana jina lilibeba habari za nyumba. Waliongoja mtoto miaka mingi, wakimpata, watamwita nini kama si Elisante?

Lakini jina zuri likiandikwa vibaya huleta taabu. Katika darasa letu moja alikuwamo mzee Elieza. Siku alipojua kusoma alituletea karatasi zake. Cheti cha ubatizo kilisema Eliezer. Stakabadhi ya kodi ilisema Eliaza. Kwenye kadi nyingine karani aliandika Elezea. Aelezee nini, jamani? Tulicheka, naye akacheka. Ila alipofuata mirathi ya marehemu kaka yake hakucheka tena. Aliambiwa hawa ni watu watatu. Akashuka Same mara nne, kwa nauli yake, mpaka alipokula kiapo cha maandishi mbele ya wakili kwamba majina yote matatu ni yake. Miaka yote hiyo alikuwa akitia dole gumba tu, hakujua kilichoandikwa juu yake.

ZOEZI

1. Toa cheti cha ubatizo au cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa na kadi ya mpiga kura. Soma jina lako herufi kwa herufi. Je, yanafanana?

2. Fanya hivyo kwa vyeti vya watoto, kabla hawajamaliza shule.

3. Muulize mama au shangazi kwa nini ulipewa jina hilo. Andika jibu lake kwa mistari mitatu, uje nalo darasani.