Jua haki zako: skuta ikikuzibia njia California

Skuta ya umeme ya kukodi haina kituo. Mtu anaifungua kwa simu, anapanda, akifika anakokwenda anaiacha na kwenda zake. Mara nyingi anaiacha katikati ya njia ya waenda kwa miguu, na mahali pabaya kuliko pote ni ule mteremko mfupi wa kona unaoshuka hadi usawa wa barabara. Kijana mwenye miguu mizima ataruka. Mzee aliye kwenye kiti cha magurudumu atalazimika kurudi nyuma hadi apate penginepo pa kushukia, kisha apite barabarani pamoja na magari. Mama anayesukuma kigari cha mtoto atafanya hivyo hivyo. Asiyeona atajua kuna skuta pale fimbo yake nyeupe itakapoigonga, au goti lake.

Kampuni ya Bird ilianza kuzitawanya Santa Monica mwezi Septemba 2017, na mwaka uliofuata zilikuwa zimejaa San Diego, Los Angeles na San Francisco kabla miji haijajipanga. Kanuni zilikuja baadaye, na leo zipo za kutosha. Naandika hasa kwa wasomaji wetu wa San Diego, wale wa City Heights waliotoka Kongo na Somalia, ambao wengi wao husema kwamba ukiwa ugenini ni heri kupisha. Katika jambo hili sheria haikutaki upishe. Inakutaka ulalamike kwa njia inayofaa, na mapema.

Tuanze na aliyeiacha skuta. Kifungu cha 21235 cha Sheria ya Magari ya California kinakataza kuiacha skuta ya umeme imelala ubavu kwenye njia ya waenda kwa miguu, au kuiegesha kwa namna yoyote isiyoacha nafasi ya kutosha ya watu kupita. Kifungu hicho hicho kinakataza kuiendesha juu ya njia hiyo, isipokuwa mtu anapoingia au kutoka mahali palipo kando yake. Kifungu hakitaji kipimo cha nafasi ya kutosha. Vipimo vinapatikana kwingine: viwango vya mwaka 2010 vya Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu, maarufu kwa herufi ADA, vinataka upana usiopungua inchi 36, yaani kama sentimita 91. Mwongozo wa shirikisho wa mwaka 2023 kuhusu njia za umma umepandisha kiwango hadi inchi 48. Ukiwa na tepu ya fundi, pima. Huna, weka kiatu chako au fimbo yako chini karibu na skuta unapopiga picha, ili anayeitazama picha baadaye aone mwenyewe jinsi njia ilivyobana.

Mji nao una wajibu wake. ADA ni ya mwaka 1990, na kwa muda mrefu miji ilibisha kwamba njia ya waenda kwa miguu si huduma inayoguswa na sheria hiyo. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Mzunguko wa Tisa ilimaliza ubishi huo katika kesi ya Barden dhidi ya mji wa Sacramento: njia hizo ni sehemu ya huduma za mji, na mwenye ulemavu ana haki ya kuzitumia. Sacramento ikakubali kutenga hadi asilimia 20 ya fedha zake za usafiri kila mwaka, kwa muda unaoweza kufika miaka 30, ili kuzirekebisha. Mwezi Januari 2019 watu wenye ulemavu waliipeleka San Diego mahakamani pamoja na kampuni za Bird, Lime na Razor, wakidai skuta zimewanyang'anya njia.

Si lazima ufike mahakamani. Mji wowote wenye waajiriwa 50 au zaidi unatakiwa na sheria ya shirikisho kuwa na ofisa anayeshughulikia ADA, na utaratibu wa maandishi wa kupokea malalamiko. Uliza jina la ofisa huyo kwenye ofisi za mji, umwandikie yeye. Ukiona umepuuzwa, unaweza kulalamika kwa Wizara ya Sheria ya Marekani ndani ya siku 180 tangu tukio lenyewe. Siku hizo zinahesabiwa tangu uliponyimwa njia, kwa hiyo usikae ukingoja jibu la mji hadi zikuishie. Shirika la Disability Rights California huwasaidia watu wenye ulemavu bila malipo katika mambo ya namna hii.

Sasa nifike penye uzito. Jioni moja ya Novemba 2019, mama mmoja alikuwa akitembea na binti yake Los Angeles, giza limeanza kuingia na watu ni wengi njiani. Skuta ya Bird ilikuwa imeegeshwa nyuma ya pipa la taka, gurudumu lake la nyuma limetokeza. Hakuliona. Alijikwaa, akaanguka, akaumia vibaya. Aliishtaki kampuni na mji pia, na mahakama ya mwanzo ikayatupa madai yote. Mwezi Aprili 2023 Mahakama ya Rufaa ya California ilitoa hukumu yenye sura mbili. Mji ulinusurika, kwa sababu sheria inaukinga katika maamuzi yake ya kutoa, kusimamia au kufuta vibali vya biashara. Bird haikunusurika. Mahakama ilisema kampuni inayoweka mali yake hadharani ina wajibu wa kuitunza isidhuru watu, hata kama aliyeiegesha vibaya ni mteja. Kesi dhidi ya kampuni ikaruhusiwa kuendelea.

Ninaitilia mkazo hukumu hii kwa sababu watu wengi huelekeza hasira yao mahali pasipowapa kitu. Wanaupigia mji kelele, mji unawaambia waende kwa kampuni, kampuni inawaambia mteja ndiye mkosaji, na mteja hajulikani. Baada ya hukumu ya 2023, kampuni ya skuta haiwezi tena kujificha nyuma ya mteja wake. Skuta yake ina kifaa kinachotuma habari ya mahali ilipo. Kampuni inajua nani aliikodi mara ya mwisho na saa ngapi aliiacha. Wewe hujui, lakini unaweza kuifanya iseme, mradi tu umeshika namba ya skuta yenyewe.

Kwa hiyo ukikutana na skuta iliyokuzibia njia, na hasa ikikuangusha, usiondoke hapo kabla hujapiga picha. Piga moja ya mbali inayoonyesha kona, jina la mtaa au duka la karibu. Piga nyingine ya karibu inayosomeka namba ya skuta. Kisha tafuta bango dogo la mawasiliano. Sheria ya jimbo inayojulikana kama AB 371 inailazimisha kampuni kubandika kwenye kila skuta bango lenye herufi zilizoinuka na maandishi ya nukta nundu, likionyesha jina la kampuni, barua pepe na namba ya simu. Lipapase kwa kidole. Likiwa limebanduka au limefunikwa na stika, hilo nalo ni kosa, lipige picha. Mpita njia aliyeona ulivyoanguka mwombe jina na simu yake papo hapo, maana kesho hutampata.

Halafu toa taarifa siku hiyo hiyo kwa kampuni na kwa mji, kote kuwili. San Diego ina programu ya simu iitwayo Get It Done; Los Angeles na San Francisco unapiga 311. Ukipewa namba ya taarifa, iandike. Hata kama hukuumia, na hata kama ni skuta ile ile kwenye kona ile ile kila wiki, toa taarifa kila mara. Siku jirani yako atakapovunjika nyonga hapo, swali la kwanza la wakili wa kampuni litakuwa: tungejuaje? Taarifa zako za nyuma ndizo jibu.

Ukiumia, nenda hospitali kwanza. Chumba cha dharura hakiruhusiwi kukurudisha bila kukupima kwa sababu huna bima wala pesa. Mweleze daktari kwamba umeangushwa na skuta na useme wapi, ili iandikwe kwenye jalada lako. Ofisa wa bima wa kampuni anaweza kukupigia mapema, sauti laini, akikutaka usaini karatasi upate hundi ndogo. Usisaini kitu usichokielewa neno kwa neno. Karatasi hiyo mara nyingi inafuta haki yako ya kudai zaidi hata kama mguu utahitaji kufanyiwa upasuaji baada ya miezi mitatu.

Tarehe ndizo zinazowaangusha watu wetu kuliko kitu kingine chochote, na nasema hili kwa uchungu. Kuishtaki kampuni kwa sababu ya kuumia mwilini una miaka miwili. Kudai fidia kwa mji, kama unaamini mji nao ulihusika, mfano mteremko umevunjika na hautengenezwi, una miezi sita tu ya kuwasilisha madai ya maandishi kwenye ofisi ya mji wenyewe. Usipoyawasilisha, mahakama kwa kawaida haitakusikiliza. Mji una siku 45 za kujibu. Ukikukatalia kwa barua, una miezi sita tangu barua hiyo kukabidhiwa au kutumwa kwa posta, basi bahasha ya mji usiiweke juu ya kabati bila kufunguliwa. Hata ile miaka miwili ya kampuni usiinyooshee miguu. Bird yenyewe iliomba ulinzi wa kufilisika Desemba 2023, na anayeidai kampuni iliyofilisika anaingia kwenye foleni ndefu. Sheria za California zinazitaka kampuni za skuta ziwe na bima. Muulize wakili wako mapema bima hiyo ni ya nani.

Wengi wananiuliza kwa sauti ya chini: na kama sina karatasi? Tangu 2017, kifungu cha 351.2 cha Sheria ya Ushahidi ya California kinasema kwamba katika kesi ya madai ya kuumia au kifo, hali yako ya uhamiaji haipokelewi kama ushahidi, na upande wa pili hauruhusiwi kukuchimba kuihusu. Haki ya kutoangushwa njiani haitegemei karatasi zako.

Je, unaweza kuisogeza skuta? Ndiyo. Sheria ya Madai ya California inaihesabu hali ya kuzuia njia ya umma kinyume cha sheria kuwa kero, na kifungu chake cha 3495 kinamruhusu anayedhurika kwa namna ya pekee na kero ya umma aiondoe, mradi asivunje amani wala asiharibu kitu pasipo haja. Isimamishe kando, basi. Usiivunje, usiipeleke nyumbani, usiitupe majini kama walivyofanya watu kule Oakland mwaka 2018 wakazizamisha katika Ziwa Merritt. Hapo utageuka wewe kuwa mshtakiwa. Jamaa wawili wa San Diego walifungua biashara ya kuziondoa skuta kwenye maeneo ya watu binafsi, na mwaka 2019 Bird na Lime wakawashtaki. Kama inaachwa kila siku mlangoni pa jengo unaloishi, mwambie mwenye nyumba aiandikie kampuni izuie skuta kuegeshwa hapo.

Na vijana wetu wanaozipanda, nanyi hili linawahusu. Lazima uwe na leseni ya udereva au kibali cha mwanafunzi wa udereva. Aliye chini ya miaka 18 lazima avae helmeti, na kubebana wawili hairuhusiwi. Baba anayempa mtoto simu yake akapande anajiingiza mwenyewe, kwa kuwa akaunti ni ya baba na mkataba ameukubali baba. Ukimaliza safari, iegeshe wima mbali na mteremko, mlango na kituo cha basi, upige picha na uihifadhi kwenye simu yako. Mtu akiikwaa baadaye, kampuni itakutafuta wewe uliyeitumia mwisho, na picha hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba mwingine aliihamisha.

Kwa dhara dogo, tuseme miwani iliyovunjika na bili ya kliniki, iko mahakama ya madai madogo. Mtu binafsi anaweza kudai hadi dola 12,500, na mawakili hawasimami kumsemea mtu, kwa hiyo kampuni haiji na jopo la wanasheria kukutisha. Utaeleza mwenyewe, kwa lugha yako ukitaka: mahakama za California hutoa mkalimani bila malipo ukiomba mapema kwa fomu INT-300, inayopatikana kwa karani wa mahakama. Kwenye nafasi ya lugha andika Kiswahili, na kama unachokielewa vizuri ni Kiswahili cha Kongo, au Kibembe, au Kinyarwanda, andika hicho.