Kupigwa na Haramia katika EVE Online: Maswali na Majibu

Kwa nini mchezo unaruhusu uharamia?

EVE Online, mchezo wa anga wa kampuni ya CCP Games ya Iceland ulioanza mwaka 2003, umejengwa juu ya ushindani wa wachezaji wenyewe. Kila mfumo wa nyota una alama ya usalama. Penye 0.5 hadi 1.0, anayemvamia mwenzake kinyume cha sheria huangamizwa na CONCORD, polisi wa mchezo. Penye 0.1 hadi 0.4 polisi hao hawafiki; iliyopo ni mizinga ya kulinda vituo na malango ya kuvukia mfumo mmoja hadi mwingine. Kuanzia 0.0 kushuka chini, hata mizinga hiyo haipo. Ikumbukwe pia kwamba CONCORD huadhibu tu, haiokoi: haramia aliye tayari kupoteza chombo chake anaweza kuua hata penye 1.0.

Aliyepigwa hupoteza nini hasa?

Chombo, na vifaa na mizigo yote iliyomo. Takriban nusu ya vifaa na mizigo hiyo huteketea na nusu hubaki kwenye mabaki, ambako haramia anaweza kuichukua. Rubani huchomoka ndani ya kapsuli. Nayo ikilipuliwa, huamka kituoni katika mwili mpya, bila vipandikizi alivyokuwa navyo kichwani. Ujuzi wake wa urubani haupungui. Bima hufidia chombo chenyewe, si vifaa vilivyofungwa ndani yake wala shehena.

Uchunguzi uanzie wapi?

Wengi hukimbilia ripoti ya maangamizi, inayoorodhesha mshambuliaji, chombo chake, silaha na vifaa vya aliyeuawa. Ripoti hiyo ina faida, ila huanza kusimulia mambo yakiwa yameshaharibika. Kinachofaa zaidi ni kumbukumbu ya mapigano iliyohifadhiwa kwenye kompyuta, pamoja na dakika chache zilizoitangulia.

Chukulia mchimba madini aliyetulia na chombo cha Retriever kwenye ukanda wa miamba, mfumo wa 0.4. Jina geni linatokea kwenye orodha ya waliomo. Halisomi. Skana ya mwelekeo, inayoona hadi umbali wa vizio 14.3 vya kiastronomia, ingemwonyesha haramia akikaribia na chombo cha kivita cha Rifter, lakini macho yake yako kwenye ghala linalokaribia kujaa. Rifter anatua, anawasha kizuizi cha kuruka, na Retriever, chombo kizito kugeuka, haitoki tena. Mchimbaji atalalamika kwamba ngao zake zilikuwa hafifu. Ngao imara zingemwongezea sekunde kadhaa tu; angeondoka jina lile lilipotokea, haramia angekuta miamba mitupu.

Na kama chombo kilikuwa cha kivita?

Hapo umbali ndio wa kuchunguzwa kwanza. Kuna vizuizi vya kuruka vya aina mbili. Kimoja hufika mbali, takriban kilomita 20, lakini huziacha injini za kasi zikifanya kazi. Cha pili ni cha karibu, chini ya kilomita 10, nacho huzima injini ya kasi kubwa kuliko zote. Rubani mwenye mizinga ya masafa marefu aliyemwachia haramia amkaribie hadi kilomita 5 alishindwa vita kabla ya risasi nyingi kurushwa. Aina za madhara (umeme, joto, mgongano na mlipuko) hufuata baadaye: zikilinganishwa na tundu la ulinzi wa aliyeuawa, huonyesha kilichochaguliwa vibaya gatini.

Inafaa kumwuliza haramia mwenyewe?

Inafaa, tena wengi wao hujibu kwa ukarimu usiotarajiwa. Swali liwe mahususi: alimwona windo lake kwa njia gani, na kwa nini alimchagua yeye. Matusi hayaleti jibu lolote, na ahadi ya kurudishiwa mali kwa malipo ni ya kutiliwa shaka.

Je, kuna kipigo kisicho na la kufunza?

Kipo kinachofunza kidogo: kuangukia kundi la vyombo kumi lililovizia langoni. Hapo ustadi wa vita hausaidii. Ramani ya mchezo, hata hivyo, huonyesha vyombo vilivyoangamizwa katika kila mfumo ndani ya saa moja iliyopita, na kuitazama kabla ya safari ni bure.