Madume Watupu Zizini: Mfugaji wa Kondoo Ahesabu Nini?

Jibu fupi kwanza, kwa mwenye haraka: kondoo anapozaa, uwezekano wa kupata dume ni karibu sawa na wa kupata jike. Hakuna dawa ya mizizi, magadi, mbalamwezi wala dume wa kuazima anayebadilisha hesabu hiyo. Ila anayeuliza swali hili huwa ana shida ya kweli. Majike wake wanne wamezaa, na watoto wote wanne ni madume.

Shida hiyo haifanani kila mahali. Juu kwenye miteremko ya Mlima Meru, kuanzia Akheri na Poli hadi Nkoaranga, mashamba ni madogo, yamejaa migomba na kahawa. Kondoo watatu au wanne hufungwa kamba pembeni au hulishwa bandani majani ya migomba na nyasi za kukata, na kila dume wa ziada anakula jasho la aliyebeba mzigo huo wa majani. Chini upande wa Kisongo, Mateves na Oldonyosambu makundi ni makubwa zaidi, na kinachotafutwa ni majike wa kurudisha kundi pale ukame ulipolipunguza. Wa juu na wa chini, wote wanaomba jike.

Jinsia huamuliwa na mbegu ya dume. Kondoo ana kromosomu 54, yaani jozi 27, na jozi moja kati ya hizo ndiyo ya jinsia. Jike ana X mbili, dume ana X na Y. Yai la jike daima hubeba X. Mbegu ya dume hubeba ama X ama Y. Itakayowahi yai ikiwa na X, anazaliwa jike, ikiwa na Y, anazaliwa dume. Kwa hiyo kumuuza jike kwa kosa la "kuzaa madume tu" ni kumwonea. Wala dume hana la kujivunia, kwa sababu mbegu zake za aina hizo mbili zinakaribia kulingana kwa wingi. Katika makundi makubwa yanayowekewa kumbukumbu, madume wanaozaliwa hukaa jirani na 50 katika kila 100, wakizidi kidogo au kupungua kidogo.

Sasa mbona zizi lako halionyeshi hivyo? Kwa sababu zizi lako ni dogo, na uchache hauna adabu. Ukirusha shilingi mara nne, kuna siku itaangukia upande uleule mara zote nne, na hakuna atakayesema imerogwa. Kwa majike wanne wanaozaa mtoto mmojammoja, nafasi ya wote kuzaa madume ni 1 kati ya 16. Inaonekana ndogo, lakini chukua kijiji chenye kaya 160, kila moja na majike wanne. Katika msimu mmoja tarajia kaya 10 hivi zipate madume watupu, na nyingine 10 hivi zipate majike watupu. Wale wa kwanza watatafuta mganga. Wale wa pili watasema dume wao ni wa ajabu, na jirani zao watapanga foleni kumwazima.

Watoto wakifika 10, bado hesabu inayumba. Kupata madume 5 na majike 5 kamili hutokea mara 1 tu katika 4. Kupata 7 au zaidi wa jinsia moja hutokea mara 1 katika 3, yaani si jambo la kushangaza hata kidogo. Ni mpaka ufikie watoto 100 ndipo utaona mambo yametulia, madume wakiwa mahali fulani kati ya 40 na 60 karibu kila mara. Mfugaji wa Nkoaranga mwenye majike watatu hafiki 100 kwa miaka 20. Ndiyo maana uzoefu wake mwenyewe, hata uwe wa muda mrefu na wa kweli, haumtoshi kujua kama dume fulani anatoa majike. Na kama jike wako amezaa madume watano mfululizo, mimba ya sita nayo ni nusu kwa nusu. Hakuna deni la jike linalongoja kulipwa.

Macho pia hutudanganya, na yanadanganya kwa namna mbili zinazopingana. Simama mnadani Kisongo au Meserani, utazame mnunuzi anavyopita: anabonyeza kiuno kwa vidole, anashika shina la mkia kupima unene wa mafuta, kisha anainua kondoo kidogo kukisia kilo. Wengi anaowashika ni madume. Mtu akiondoka pale ataapa kwamba kondoo wa Arusha wanazaa madume kupita kiasi. Kisha aingie kwenye boma, akute majike 30 na madume wawili, aape kinyume. Yote mawili yanatokana na kuuza: madume wanatoka, majike wanabaki. Kuna jambo la tatu, dogo lakini la kweli. Mtoto dume huzaliwa mzito kidogo kuliko jike, hukwama zaidi wakati wa kuzaliwa, na katika makundi mengi madume hufa zaidi wakiwa wachanga. Anayetaka uwiano wa kweli anahesabu siku ya kuzaliwa, pamoja na waliozaliwa wamekufa.

Imani za kuchagua jinsia hazikuanza kwetu. Aristotle, Mgiriki wa kale, aliandika kwamba kondoo wanaopandwa upepo wa kaskazini ukivuma huzaa madume, na wa kusini ukivuma huzaa majike. Zaidi ya miaka 2,300 imepita, na bado utaambiwa upandishe asubuhi mapema, au mwisho wa joto, au umpe jike chumvi ya aina fulani. Kila ushauri wa namna hii una faida moja kwa anayeutoa: nusu ya mara utaonekana umefanya kazi.

Ushauri mmoja unastahili heshima zaidi, kwa kuwa umetoka kwa wanasayansi. Mwaka 1973 Robert Trivers na Dan Willard wa Marekani walitoa hoja kwamba mama mwenye afya nzuri ataelekea kuzaa madume, na aliyedhoofu ataelekea kuzaa majike. Hoja hiyo imepimwa kwa wanyama wengi. Kwa kondoo matokeo yamekinzana, na haijaacha kitu cha kutumia zizini. Naileta hapa kwa sababu ya hatari yake: kuna atakayeamua kumnyima jike chakula ili apate watoto majike. Atakachopata ni jike asiye na maziwa na mtoto asiyeweza kusimama.

Na dume anayeuzwa kwa bei ya juu kwa sifa kwamba "anatoa majike"? Tuseme muuzaji ni mkweli, na kati ya watoto 10 wa dume huyo 8 ni majike. Kwa bahati tu, dume 1 kati ya 18 atafikia au kupita hapo. Arusha na Meru zina madume wengi sana, hivyo madume wenye sifa hiyo hawakosekani mwaka wowote. Msimu unaofuata huyohuyo atarudi kwenye nusu, akiwa kwako. Nunua dume kwa kifua chake, miguu yake, korodani mbili zilizolingana, na kwa kuwa mama yake ana maziwa.

Teknolojia ya kuchagua jinsia ipo, tena tunapita karibu nayo. Pale Usa River, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, ndipo kilipo Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kinachojulikana kwa mbegu za ng'ombe. Mbegu yenye X ina vinasaba vingi kuliko yenye Y, tofauti ya takriban asilimia 4, na mashine maalumu inaweza kuzitenganisha kwa usahihi wa kama asilimia 90. Kwa ng'ombe wa maziwa biashara hiyo imeenea duniani. Kwa kondoo ni ngumu zaidi. Mlango wa kizazi chake umejipindapinda, mrija haupiti kirahisi kama kwa ng'ombe, na mbegu zilizogandishwa hushika vizuri zikipelekwa ndani ya kizazi kwa upasuaji mdogo wa kitaalamu. Gharama hiyo haimfai mwenye kondoo wanne.

Njia ya kupata majike wengi ipo, nayo ni kuwazuia wasife. Chukua majike 10 wanaozaa watoto 12 kwa mwaka. Wakifa 4 kabla ya kuachishwa kunyonya, wanabaki 8, na majike ni 4 hivi. Akifa mmoja tu, wanabaki 11, majike 5 au 6. Ili ufikie hao kwa kuchezea jinsia huku vifo vikiwa vilevile, ingebidi majike wawe karibu 7 katika kila watoto 10, na hakuna dawa inayotoa hivyo. Jitihada zote zinazomwagwa kwenye jinsia zingehamia huku, kijiji kizima kingeona tofauti.

Kwa hiyo: mtoto anyonye dang'a ndani ya saa chache za kwanza, kitovu kipakwe ayodini, banda liwe kavu. Mimba ya kondoo ni takriban miezi 5, na huku kwetu jirani na ikweta majike huingia kwenye joto mwaka mzima, kila siku 17 hivi, kwa hiyo wakati wa kuzaa unaweza kupangwa. Ukipandisha mwishoni mwa Juni, watoto watazaliwa mwishoni mwa Novemba, vuli ikiwa imeleta majani. Wanaozaliwa katikati ya masika kwenye miteremko ya Meru hukutana na baridi na tope, na nimonia inawachukua. Minyoo ya tumbo nayo ni muuaji mkubwa kipindi cha mvua. Kondoo mwekundu wa Kimaasai anaivumilia kuliko kondoo wa aina ya Dorper, jambo la kukumbuka kabla ya kukimbilia umbo kubwa. Na usimtupie mbwa kichwa kibichi cha kondoo. Ugonjwa wa kuzunguka kichwa ambao Wamaasai huuita ormilo hutokana na tegu wa mbwa, na mbwa huambukizwa kwa kula ubongo wa kondoo mgonjwa.

Mapacha wanahitaji neno lao. Kwa ng'ombe, mtamba aliyezaliwa pacha na dume mara nyingi huwa tasa, na wafugaji wengi huihamishia kanuni hiyo kwa kondoo. Ni kosa linalogharimu. Kwa kondoo utasa wa namna hiyo ni wa nadra, na jike aliyezaliwa pacha amebeba damu ya mama azaaye pacha. Mtunze. Kama amekomaa, amekaa na dume miezi mingi na hajashika mimba, hapo ndipo umuuze.

Madume wenyewe si hasara wakipangiwa. Dume mmoja anatosha majike 25 au 30, hivyo wengine wote ni wa kuuza. Watenge na dada zao wakifika miezi minne, maana dume huanza kupanda mapema kuliko watu wanavyodhani, na dume wa mbegu abadilishwe kila baada ya miaka miwili asije akapanda mabinti zake. Usiyemtaka kwa mbegu mhasi akiwa mdogo. Atanenepa na kuweka mafuta mkiani, na mafuta hayo yana wenyewe, kuanzia mchoma nyama hadi familia yenye mzazi ndani. Kwa soko la Idd el-Hajj wanunuzi hutaka kondoo aliyetimiza mwaka, na sikukuu hiyo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Hesabu miezi 17 kurudi nyuma kutoka sikukuu unayoilenga, hapo ndipo pa kupandisha.

Nunua daftari. Kila uzazi andika tarehe, hereni ya mama, dume aliyempanda, jinsia ya mtoto, pacha au la, na kama alikufa, alikufa lini na kwa nini. Safu ya jinsia itakutuliza moyo baada ya miaka michache. Safu ya vifo mpelekee afisa mifugo wa kata yako mapema, ukiulizia na chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo.