Mashine ya Kutetemesha Mwili: Maswali ya Watu wa Tena

Tangazo huonyesha mtu amesimama juu ya jukwaa dogo linalotetemeka, mikono kiunoni, na chini yake maneno: dakika 10 kwa siku, tumbo linaisha, mifupa inakuwa imara, mgongo unapona. Mashine hizi zinauzwa mtandaoni, zipo katika baadhi ya jimu za Nairobi, na wengine wameziona katika vyumba vya fiziotherapia. Nayachukulia kwa uzito maswali ninayopata kuzihusu, kwa sababu anayeuliza mara nyingi ana maumivu ya kweli, na pesa anazotaka kutumia ni za karo au za kodi ya nyumba. Haya ni baadhi ya yale ambayo watu wa Tena, Umoja na Donholm, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, huuliza.

Daktari, hiyo mashine inafanya nini mwilini?

Jukwaa linaendeshwa na mota. Mashine nyingine hupanda na kushuka zikiwa sawa. Nyingine huinuka upande mmoja huku upande wa pili ukishuka. Kasi yake huwa kati ya mara 20 na 45 kila sekunde, na umbali wa kupanda na kushuka ni milimita chache tu. Kila tetemeko huivuta misuli ya shavu la mguu na paja ghafla. Ndani ya misuli kuna vihisio vinavyopeleka habari ya kuvutwa huko kwenye uti wa mgongo, na jibu linarudi papo hapo: kaza. Hujaamua chochote, lakini misuli imeshakaza. Watafiti wawili wa Uswidi, Eklund na Hagbarth, waliueleza mwitikio huo mwaka 1966.

Kwa hiyo madai kwamba misuli inafanya kazi ukiwa umesimama tu yana ukweli. Kinachoachwa nje ya tangazo ni kiasi cha kazi yenyewe. Kwa kijana mwenye nguvu, kazi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na kuchuchumaa na kuinuka akiwa amebeba mzigo. Kwa mzee ambaye hata kuinuka kitini ni shida, inaweza kuwa kubwa vya kutosha kumsaidia. Utafiti umeonyesha wazee dhaifu wakipata nguvu kidogo za miguu na uthabiti kidogo wa kusimama.

Mama yangu ana miaka 68 na ameambiwa mifupa imepungua uzito. Nimnunulie?

Nitakueleza jambo hili kwa mapana, kwa sababu mifupa ndiyo iliyozifanya mashine hizi zijulikane. Mwaka 2001 Clinton Rubin na wenzake wa Marekani waliandika katika jarida la Nature kuhusu kondoo waliosimamishwa juu ya jukwaa la mtetemo mdogo sana, dakika 20 kwa siku, kwa mwaka mzima. Mfupa laini wa ndani wa paja uliongezeka msongamano kwa asilimia 34. Habari hiyo ilisambaa, na shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilivutiwa nayo kwa sababu wanaanga hupoteza mfupa wakiwa hawana uzito wa kuwakandamiza.

Kisha ikaja zamu ya binadamu. Ubelgiji, mwaka 2004, wanawake waliokwisha kukoma hedhi walifanya mazoezi juu ya mashine yenye nguvu zaidi kwa miezi 6, na mfupa wa nyonga ukaongezeka kwa asilimia 0.93. Matokeo yalikuwa mazuri, ila madogo, na washiriki wote wa utafiti huo walikuwa 70 tu. Mwaka 2011 watafiti wa Toronto waliwafuatilia wanawake 202 kwa mwaka mmoja, baadhi yao wakitumia mtetemo mdogo nyumbani kila siku. Hakukuwa na tofauti na wale wasioutumia. Mwaka 2015 ukatoka utafiti wa miaka miwili uliofanywa Marekani kwa wazee 174, karibu nusu yao wakisimama juu ya mashine ya kuigiza isiyotoa tiba. Pia hakukuwa na faida kwa mfupa. Kondoo ana miguu minne, na mfupa wake haukuwa wa mama mwenye miaka 68.

Basi, ndugu yangu, usinunue mashine kwa ajili ya mfupa. Mpeleke mama kwa daktari aangaliwe vitamini D, dawa anazotumia na kama anahitaji dawa ya mifupa. Halafu geuza swali. Kinachovunja nyonga ya mzee kwa kawaida ni kuanguka, na kuanguka kunapunguzika. Uchambuzi mkubwa wa shirika la Cochrane wa mwaka 2019, uliokusanya majaribio 108, ulionyesha kwamba mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa wazee kwa takriban asilimia 23, hasa mazoezi ya kusimama imara na kutumia miguu katika kazi za kila siku. Taa ya ngazi iliyoungua ibadilishwe. Kapeti ndogo inayoteleza mlangoni iondolewe. Hayo nayo ni matibabu.

Inapunguza tumbo?

Hapana, si kwa kiasi utakachokiona kwenye mshipi. Mwaka 2017 vyombo vya habari duniani vilitangaza kwamba kutetemeshwa ni sawa na mazoezi. Chanzo kilikuwa utafiti wa Augusta, Georgia, Marekani, uliofanywa kwa panya wachanga wanene wenye kisukari. Walitetemeshwa dakika 20 kwa siku kwa wiki 12, na baadhi ya vipimo vyao vikakaribiana na vya panya waliokimbizwa. Waandishi wenyewe walikuwa waangalifu. Vichwa vya habari havikuwa. Dada uliyeniuliza kuhusu mkanda wa kutikisa kiuno, jibu ni hilo hilo: mafuta hayatikiswi yakatoka.

Mimi ni dereva wa matatu. Natikisika kutoka asubuhi hadi usiku. Si mimi tayari napata tiba ya bure?

Nashukuru kwa swali hili kuliko yote, kwa sababu linagusa afya ya watu wengi wa Eastlands ambao hawatawahi kupanda mashine ya jimu.

Mtetemo ni kama dawa: aina yake, kiasi chake na muda wake ndivyo vinavyoamua kama utakusaidia au utakuumiza. Kiwiliwili cha mtu aliyeketi kina kasi yake ya asili ya kutikisika juu na chini, takriban mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Mtikisiko wa kasi hiyo ukija kutoka chini, mwili huukuza badala ya kuupunguza, na uti wa mgongo ndio unaobeba. Gari kwenye barabara mbovu hutikisika kwa kasi hiyo hiyo. Mashine ya tiba hutetemeka kwa kasi zaidi, mtu akiwa amesimama na magoti yamekunjwa, ili miguu ipokee mtetemo kabla haujafika kiunoni. Na inapotumiwa vizuri huchukua dakika chache, pamoja na mapumziko. Wewe umeketi, miguu haikusaidii, na zamu yako haihesabiwi kwa dakika.

Ushahidi hapa ni mzito kuliko ule wa faida za mashine. Uchambuzi wa tafiti za wafanyakazi wanaotikiswa na magari na mitambo umeonyesha kwamba uwezekano wao wa kuumwa mgongo wa chini na kupata maumivu yanayoshuka mguuni ni takriban mara mbili ya wengine. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2002, uliweka viwango: wastani wa mchapuko, yaani kipimo cha nguvu ya mtikisiko, ukifika mita 0.5 kwa sekunde mraba katika zamu ya saa 8, mwajiri lazima achukue hatua, ukifika 1.15, hicho ndicho kikomo. Kenya tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri kulinda afya ya mfanyakazi. Mwenye matatu ni mwajiri. Kiti cha dereva kilichokwisha sponji si jambo la urembo, na naona ni makosa makubwa kwamba pesa huenda kwenye spika na michoro ya nje kabla ya kiti hicho kuguswa.

Ufanye nini? Kiti kirekebishwe, sponji na springi zake ziwe hai. Upepo wa magurudumu uwe ule uliopendekezwa, kwa kuwa gurudumu lililojazwa kupita kiasi hurusha kila kokoto mgongoni. Shokabsoba zikaguliwe. Punguza mwendo kwenye mashimo ya barabara za ndani na kwenye matuta. Ukifika steji, shuka na utembee huku gari likijaa. Usiruke moja kwa moja kutoka kitini kwenda kubeba mzigo mzito, kwa sababu mgongo uliotoka kutikiswa kwa muda mrefu unahitaji dakika kadhaa za kutulia. Ndugu zetu wa boda wana shida hiyo hiyo, na wao wanaweza kuinuka kidogo juu ya pedali wanapoliona tuta, magoti yapokee.

Maumivu yakishuka mguuni pamoja na ganzi, au ukianza kushindwa kuzuia mkojo, usingoje wiki iishe. Kushindwa kuzuia mkojo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Na kwa mwenye ugonjwa wa Parkinson au aliyepata kiharusi?

Jean-Martin Charcot, daktari wa Paris katika karne ya 19, aliwasikia wagonjwa wa Parkinson wakisema kwamba wanapata nafuu baada ya safari ndefu ya garimoshi au ya gari la farasi. Akatengeneza kiti cha kutetemesha na kukieleza mwaka 1892. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, walilijaribu wazo hilo upya na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Kundi moja lilipata mtetemo, jingine lilikaa kwenye kiti cha aina hiyo bila mtetemo. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Huenda basi walichokipenda wagonjwa wa Charcot kilikuwa kukaa na kutulia.

Kwa kiharusi, matokeo yametofautiana sana na singemwacha mgonjwa aache mazoezi ya kutembea kwa ajili ya mashine. Kwa watoto wenye mtindio wa ubongo kuna tafiti ndogo zenye matumaini kuhusu kukakamaa kwa misuli na kutembea. Mahali nilipoona faida iliyo wazi zaidi katika maandishi ni kwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu: Ujerumani, mwaka 2012, wagonjwa 82 walifanya zoezi lile lile la kuchuchumaa, wengine sakafuni na wengine juu ya mashine. Wa mashine waliongeza umbali wa kutembea kwa dakika 6 kwa takriban mita 27 zaidi ya wenzao. Angalia vizuri: walikuwa wanafanya zoezi. Mashine iliongeza juu yake.

Nani asiipande kabisa?

Mama mjamzito. Mtu mwenye bonge la damu kwenye mshipa wa mguu, au aliyewahi kulipata karibuni. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mwenye kifafa, mwenye tatizo la retina, mwenye mawe ya figo au ya nyongo, mwenye mfupa uliovunjika ambao haujaunga, mwenye ngiri, na mwenye diski ya mgongo iliyotoka na inayouma sasa. Aliyewekewa chuma au nyonga bandia amwulize kwanza daktari wake wa upasuaji. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo asipande peke yake, maana hatajua kama anaumia.

Nikiamua kuitumia jimu, niangalie nini?

Uliza mashine inatetemeka mara ngapi kwa sekunde na kwa umbali gani. Hesabu ni rahisi: jukwaa likitetemeka mara 30 kwa sekunde, likipanda milimita 2 na kushuka milimita 2 kutoka katikati, nyayo hupokea msukumo unaofikia takriban mara 7 ya nguvu ya uvutano wa dunia. Ile mashine ya kondoo wa Rubin ilitumia takriban thuluthi moja tu ya nguvu ya uvutano wa dunia. Zote mbili huuzwa kwa jina moja, na anayekuuzia huenda hajui anayo ipi.

Kunja magoti, usifunge viungo. Kichwa kikitikisika au meno yakigongana, umesimama vibaya au nguvu imezidi. Anza na nusu dakika, pumzika, rudia mara chache. Usiketi juu ya jukwaa. Kizunguzungu au maumivu mapya ni amri ya kushuka. Na anayekwambia kwamba anakutibu kwa mashine hiyo awe amesajiliwa: wanafiziotherapia nchini wanasimamiwa na Baraza la Fiziotherapia la Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2014. Kuomba kuona leseni si utovu wa adabu.

Sina pesa za mashine wala za jimu. Nifanye nini hapa hapa Tena?

Una kiti na una ngazi. Keti kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, kunja mikono kifuani, inuka hadi usimame, keti polepole. Fanya mara 8 hadi 10, pumzika, rudia. Ikishindikana bila mikono, tumia mikono wiki za mwanzo. Kisha shika sinki ya jikoni, panda juu ya vidole, shuka taratibu. Halafu simama mguu mmoja, mkono ukiwa karibu na sinki. Ngazi za ploti zipande mara moja zaidi ya unavyohitaji, ukishika chuma cha pembeni. Fanya hivyo siku 3 kwa wiki, na siku nyingine utembee, jioni jua likipungua.

Mwenye shinikizo la damu asizuie pumzi anapoinuka kitini; ahesabu kwa sauti. Aliyeanguka zaidi ya mara moja mwaka huu asianze peke yake. Aende kwanza kliniki ya fiziotherapia, ya hospitali ya umma kama Mama Lucy Kibaki au nyingine iliyo karibu, apimwe anavyosimama na anavyotembea, na aende na dawa zake zote kwenye mfuko, kwa sababu huenda baadhi ya dawa za shinikizo na za usingizi ndizo zinazomwangusha.