Mkono wa Kuume na Kipanya cha Kompyuta

Somo hili ni la makarani, walimu, wachungaji, wauguzi, na wote wanaofanya kazi mbele ya kompyuta. Wewe usiyeifanya kazi hiyo, usifunge kitabu. Karibu na mwisho liko neno linalokuhusu wewe pia.

Katika Injili tunasoma habari za mtu mwenye mkono uliopooza, ambaye Bwana Yesu alimponya ndani ya sinagogi siku ya sabato. Matayo na Marko wanataja mkono tu. Luka, ambaye Paulo anamwita munganga, anaongeza kwamba ulikuwa mkono wa kuume. Munganga huangalia mambo kama hayo. Kwa watu wengi mkono wa kuume ndio mkono wa kazi, na ukishindwa, nyumba nzima huona njaa.

Karani mmoja alikuja hospitalini. Kazi yake ni kuandika katika kompyuta majina ya wagonjwa na hesabu ya dawa, tangu asubuhi mpaka saa kumi. Usiku aliamka mara mbili au tatu, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinawaka na kufa ganzi. Alikaa kitandani akiukung'uta mkono kama mtu anayekung'uta maji, ndipo akapata nafuu kidogo. Asubuhi kikombe cha chai kilimponyoka. Jamaa zake walidhani amelogwa na mtu anayetaka nafasi yake ya kazi. Alikuwa amekwisha kuchanjwa chale juu ya kifundo cha mkono na kupakwa dawa nyeusi. Tena alikuwa amenunua sokoni vidonge vya maumivu, akavimeza kila siku kwa muda wa miezi miwili, hata tumbo nalo likaanza kumwuma. Watu wote hao walimhurumia, lakini hakuna hata mmoja aliyemwuliza: Mkono wako unafanya nini mchana kutwa?

Tuulize sisi. Kompyuta ina kifaa kidogo kinachokaa mezani, nacho huongoza alama inayotembea juu ya kioo. Watu hukiita kipanya, na Wafaransa nao hukiita kwa jina la mnyama huyo huyo. Cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 huko California, Marekani, katika kazi ya Douglas Engelbart na mwenzake Bill English. Kilikuwa kisanduku cha mti chenye magurudumu mawili chini. Vya siku hizi ni vyepesi na vizuri kuliko kile, lakini namna ya kukishika haikubadilika sana: kiganja hutazama chini, juu ya meza.

Sasa fanya jambo hili. Nyosha mkono wako wa kuume mbele yako kama unavyomsalimu mgeni mlangoni, kidole gumba kikiwa juu. Kwa mkono wa kushoto shika mkono huo wa kuume katikati ya kiwiko na kifundo. Kisha geuza kiganja polepole mpaka kitazame chini. Je, unasikia kitu kinazunguka ndani? Katika sehemu ile Mungu ameweka mifupa miwili. Wakati wa kusalimu, mifupa hiyo imelala sambamba, na nyama zimetulia. Ukigeuza kiganja chini, mfupa wa upande wa gumba unavuka juu ya mwenzake, na nyama zinazougeuza lazima zivute. Kuvuta kidogo si kitu. Lakini karani huvuta hivyo saa sita au saba, siku tano au sita za juma, mwaka hata mwaka. Na zaidi ya hayo, kifundo chake hukunjwa kuelekea nyuma, na mkono hupinda upande wa kidole cha mwisho.

Kwa nini jambo hili lilete ganzi vidoleni? Katika kifundo kuna mlango mwembamba. Sakafu yake na kuta zake ni mifupa midogo, ambayo hesabu yake kifundoni ni minane, na paa lake ni ukanda mgumu. Katika mlango huo hupita kano tisa zinazokunja vidole, na pamoja nazo mshipa mmoja wa fahamu. Ni kama watu kumi kupita pamoja katika mlango wa nyumba ndogo. Kano zikivimba, au kifundo kikikaa kimekunjwa, yule mshipa ndiye anayebanwa, maana yeye ni laini. Mshipa huo hupeleka fahamu kwenye gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Kwa hiyo mgonjwa husikia ganzi katika vidole hivyo, na kidole cha mwisho hubaki kizima. Uchawi haujui mipaka ya mshipa namna hiyo.

Usiku mtu hulala amekunja kifundo bila kujua, kwa hiyo ugonjwa huu huamsha watu usingizini.

Siku hizi kuna kipanya cha namna nyingine, kinachosimama kwa ubavu. Ukikishika, mkono wako unakaa karibu sawa na ulivyokaa wakati wa kusalimu. Mifupa miwili hailazimiki kuvukana sana, wala mkono haupindi sana upande. Watu wengi wenye maumivu katika mkono, kati ya kiwiko na kifundo, hupata nafuu wakikitumia. Bei yake ni kubwa kuliko ya kile cha kawaida, lakini biro ya kanisa au ya shule inayonunua karatasi na wino kila mwezi ingeweza kukinunua mara moja.

Lakini tusikisifu kupita kweli. Mwaka 2015 ilitangazwa kazi ya wachunguzi waliowapima wagonjwa 21 wenye ugonjwa huu wa mshipa kubanwa. Waliona kwamba kipanya cha kusimama kilipunguza kupinda kwa mkono upande, lakini mbano ndani ya ule mlango wa kifundo haukupungua. Kwa hiyo kitu hiki husaidia nyama na kano zilizochoka, lakini aliyekwisha kufa ganzi ahitaji zaidi ya hicho. Muuzaji akikuambia kwamba kinaponya, usimwamini.

Ukikipata, ujue kukitumia. Siku za kwanza utakuwa mzito, na alama itakukimbia. Hesabu juma moja au mawili ya kujizoeza. Usikipige ngumi kukishika, kishike kama unavyoshika yai. Usikisukume kwa kifundo peke yake, bali mkono wote utembee kuanzia bega na kiwiko. Tazama kipimo chake pia, maana mwenye mkono mdogo akishika kikubwa atapata maumivu mapya katika gumba. Wenye kutumia mkono wa kushoto wana cha kwao.

Na asiye na fedha? Karani wetu hakuwa nazo. Tulikwenda kuitazama biro yake, na hapo ndipo tulipojifunza sisi wenyewe. Meza ilikuwa ndefu, kiti kilikuwa kifupi, na kipanya kilikuwa mbali, nyuma ya kitabu kikubwa cha mapokezi, hata alikuwa akinyosha mkono kama mtu anayechuma embe. Tuliweka mto mgumu juu ya kiti mpaka kiwiko kikawa sawa na meza, na ubao chini ya miguu isining'inie. Kitabu kikahamishwa, kipanya kikaletwa karibu na ubavu wake. Katika kompyuta yenyewe kuna mahali pa kuongeza mwendo wa ile alama, ili mkono usogee kidogo tu, tukaongeza. Akajifunza kutumia mkono wa kushoto kwa kazi nyepesi. Na kila nusu saa husimama, hunyosha vidole, na kwenda kuita mgonjwa kwa mdomo wake mwenyewe. Kazi haikupungua. Mkubwa wake alilalamika siku ya kwanza tu.

Kwa usiku tulimfanyia banzi: ubao mwembamba uliofungwa kwa kitambaa laini, unaoshika kifundo kikae sawasawa, bila kukunjwa mbele wala nyuma. Vidole viwe huru. Usikaze kitambaa, maana ukikaza unaongeza ugonjwa. Avae kila usiku kwa majuma sita. Dawa hii ni rahisi, na kwa ganzi ya usiku ina faida kuliko vidonge vya sokoni. Vidonge kama ibuprofeni na diklofenaki, mtu akivimeza kila siku bila mashauri, huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo.

Sasa neno la wote. Si kila ganzi ya mkono inatoka kwenye kompyuta. Mama mwenye mimba huweza kuipata kwa sababu ya maji mwilini, na mara nyingi huisha baada ya kuzaa. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari huipata, pengine kabla ya kujua kwamba ana sukari. Wenye kulima na kutwanga huipata vilevile. Na iko ganzi nyingine ambayo hatupendi kuitaja, lakini lazima tuitaje. Ukisikia ganzi katika kidole cha mwisho, au kidole hicho kikaanza kukunjika, au ukiona doa juu ya ngozi ambalo halisikii ukiligusa kwa pamba, njoo hospitalini upesi. Huenda ni ukoma. Katika Congo yetu watu wapya wangali wanaupata kila mwaka. Dawa zake ni vidonge vya miezi 6 au 12, nazo hutolewa bila malipo. Anayekuja mapema huponywa na vidole vyake vikiwa vizima. Anayejificha kwa aibu huponywa pia, lakini vidole vilivyokwisha kuharibika havirudi.

Njoo pia kama ganzi haiondoki mchana, kama vitu vinakuponyoka, au kama nyama ya chini ya gumba imeanza kupungua. Linganisha mikono yako miwili kwenye mwanga. Kwa wagonjwa wengine munganga huchoma sindano katika kifundo. Kwa wengine hukata ule ukanda mgumu ili mlango upanuke, nao hurudi nyumbani siku ile ile. Mshipa uliobanwa miaka mingi haurudi vema hata baada ya kukatwa, kwa hiyo tunaomba msingoje.

Karani alirudi baada ya majuma manane. Alikuwa analala usiku kucha. Ganzi ilikuwa imebaki kidogo katika ncha ya kidole cha kati, nasi tukamwambia aendelee na banzi na arudi tena. Jamaa aliyefuatana naye, yule aliyemchanja chale, aliomba tumwonyeshe tena ile mifupa miwili inavyovukana.

Maswali ya kujibu pamoja: Ni vidole gani hupata ganzi mshipa wa kifundo ukibanwa, na ni kidole gani hakimo? Kwa nini banzi lisikazwe? Nani katika kanisa lenu anayefanya kazi ya kuandika? Mwende watu wawili juma hili, mtazame kiti chake na meza yake.