Kivinjari, Kache na Saa ya Kigali

Muhula uliopita nilikaribia kufukuzwa shule kwa ajili ya ukurasa wa kamari ambao sikuufungua. Nilikuwa zamu katika chumba cha kompyuta mpaka saa 12 jioni, na fundi aliyeitwa kukagua mashine akaandika kwamba ukurasa ule ulifunguliwa saa 11.40 jioni. Ni nani basi, kama si mimi?

Jambo hilo lilinilazimisha kusoma, nami naona vema niwaeleze ninyi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliokwisha kutoka shuleni, jinsi kivinjari kitunzavyo habari.

Kivinjari huweka vitu viwili. Cha kwanza ni historia, yaani daftari ya anwani za kurasa, zimefunguliwa mara ngapi na wakati gani. Cha pili ni kache, ghala ya picha na maandishi yaliyokwisha kuletwa, ili ukurasa ukiitwa tena usichelewe. Kache ina hila yake: picha ya tangazo la pembeni huingia ghalani hata kama mtu hakuitazama. Kwa hiyo picha ikikutwa humo yaonyesha kwamba ililetwa, si kwamba ilitafutwa. Na afutaye historia asidhani yamekwisha. Mara nyingine mistari iliyofutwa hubaki mpaka nafasi yake iandikwe upya.

Mpelelezi hodari hagusi mashine ovyo, maana kuifungua tu hubadili ushahidi. Kwanza hunakili diski nzima, kisha huchunguza ile nakala. Hapa kwetu makosa ya mtandao yana Sheria Na. 60/2018, nayo maabara ya Serikali hapa Kigali huchunguza kompyuta na simu.

Hata hivyo wakubwa nao hukosea. Mwaka 2011 huko Florida, Marekani, katika kesi ya Casey Anthony, mahakama iliambiwa kwamba ukurasa juu ya klorofomu ulifunguliwa mara 84. Mtengenezaji wa programu iliyosoma historia ile akagundua kosa: ulifunguliwa mara moja tu, na zile 84 zilikuwa za ukurasa mwingine kabisa. Kumbukeni kwamba mama yule alishtakiwa kwa kuua, ijapokuwa aliachiwa kwa shtaka hilo.

Sasa nirudi kwangu. Chrome huhesabu wakati tangu 1 Januari 1601, na Firefox tangu 1 Januari 1970, na zote mbili hufuata saa ya dunia, si ya Kigali. Sisi tumeitangulia kwa saa 2. Basi saa 11.40 jioni ya fundi ilikuwa saa 1.40 usiku kwetu, nami wakati huo nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, mbele ya waimbaji 40. Mwalimu wa hesabu aliandika hesabu hiyo ubaoni. Fundi akaitazama, akajumlisha mwenyewe, akanyamaza. Barua yangu ikachanwa.

Ufunguo wa chumba baada ya saa 12 ulikuwa mkononi mwa nani, hilo si langu kuliandika hapa.