SOMO: CHAKULA CHA KANTINI UMEME UKIKATIKA WAKATI WA KIPUPWE



Somo letu leo linaanzia jikoni. Mwezi Julai 2024, katika shamba moja kubwa la kusini mwa Zambia ambako nilikuwa nikiandikisha wanachama, umeme ulikatika saa 11 jioni. Mama mpishi wa kantini alikuwa na sufuria mbili za mchuzi wa kuku wa kesho, na friji ilikwisha kuwa vuguvugu. Usiku ule baridi ilikuwa kali, watu wanaota moto. Akaona heri azitoe sufuria barazani. Mimi nilikuwapo, nikamsifu. Nilimwambia, mama, baridi hii ni friji ya Mungu, haina bili.

Kesho yake saa 7 mchana watu walikula mchuzi ule na nshima. Kabla jua halijachwa, wengi wa zamu ile walikuwa wanatapika na kuharisha. Siku mbili walizolala nyumbani zilikatwa kwenye mshahara. Mama mpishi akapewa barua ya onyo. Mimi niliyemsifu sikupewa chochote.

Sasa tuangalie hesabu. Friji inatakiwa kukaa chini ya nyuzi 5 za sentigredi. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huzaana ndani ya chakula, na baadhi yao hutoa sumu. Kipupwe chetu kikoje? Lusaka, mwezi Julai, usiku hushuka kwa wastani mpaka nyuzi 10 hivi, na mchana hupanda mpaka 23 hivi. Mtu aliyevaa makoti mawili huona nyuzi 10 ni baridi ya kuua, lakini kwa nyama hiyo si baridi. Tena sufuria kubwa ya mchuzi wa moto huchukua saa nyingi kupoa katikati, hata kama mafuta ya juu yameganda. Jua likitoka, baraza linapata moto na sufuria nayo.

Wengi husema, tutachemsha tena. Moto huua bakteria walio wengi, lakini sumu ambayo wengine wamekwisha kuiacha ndani ya chakula haiondoki kwa kuchemsha. Wali uliolala nje ni hatari kwa sababu hiyo hiyo. Wala usionje ili kupima. Chakula chenye sumu kinaweza kunukia vizuri na kuwa kitamu.

Hata kwenye nchi za theluji mambo ni hayo. Mwezi Februari 2021 dhoruba ya baridi iliangusha umeme katika jimbo la Texas, Marekani, na nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikaa gizani. Wataalamu wa chakula wa nchi ile huwashauri watu wasizike nyama kwenye theluji, kwa kuwa jua huipasha na wanyama huifikia. Wanasema jaza maji kwenye vyombo, yaache nje yagande, kisha barafu hiyo iingize ndani kwenye chakula.

Kwetu kazi kubwa ni mlango. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi muda wa saa 4 hivi tu. Friza iliyojaa hutunza muda wa saa 48, na iliyojaa nusu saa 24, kama haifunguliwi. Kila anayefungua kutafuta maziwa ya chai anazipunguza saa hizo. Ukame wa mwaka 2024 ulipopunguza maji ya Kariba, mgawo ulianza mwezi Machi kwa saa 8 kwa siku, na baadaye mwaka ule wako waliokosa umeme zaidi ya saa 17. Friji iliyokosa umeme saa 17 si friji tena, ni kabati.

Kwa hiyo umeme ukiwapo, gandisha chupa za plastiki za maji, usizijaze hadi mdomoni maana barafu hutanuka. Ziba nazo nafasi tupu za friza. Umeme ukikatika, hamishia nyingine rafu ya juu ya friji, kwa kuwa ubaridi hushuka chini. Friza ifunike blanketi, ila uliondoe umeme ukirudi ili mashine ipumue. Weka pia kikombe cha maji yaliyoganda ndani ya friza, na juu yake sarafu. Ukikuta sarafu imezama mpaka chini, ujue friza iliyeyuka usiku wakati wewe umelala, hata kama maji yameganda upya. Nyama hiyo itupwe. Iliyobaki na chembe za barafu inaweza kugandishwa tena. Nyama, maziwa, samaki na chakula kilichopikwa vikipita muda wa saa 2 juu ya nyuzi 5, vitupwe. Siagi, matunda na mboga zisizokatwa havina haraka.

Sasa nani atathubutu kutupa? Nilipomuuliza mama mpishi, alinijibu kwamba kuku akitupwa hukatwa yeye. Hapo ndipo nilipoelewa kisa chote. Tawi lilikaa na mwajiri mara tatu. Zile siku mbili za mshahara hatukuzipata. Barua ya onyo iliondolewa, kipimajoto kikanunuliwa, na likaandikwa daftari: mpishi anaandika saa umeme ulipokatika na kitu alichotupa, msimamizi anatia sahihi, na hakuna anayekatwa. Kipimajoto ni bei ndogo. Daftari ndilo lililotugharimu vikao vitatu.

Maswali ya kujadili kwenye tawi lenu: Kantini yenu umeme ukikatika usiku, nani anaandika saa? Kipimajoto kipo, na nani anakisoma? Na chakula kikitupwa, pesa inatoka mfukoni mwa nani?